Kukata vitenzi vya Kifaransa: kwa jicho, kwa sikio, au kwa alama za kamusi?

Andika ubaoni maneno mawili, ils parlent (wanasema), kisha mwombe mtu aliyelelewa na Kiswahili ayasome. Atayakata kama alivyofundishwa darasa la kwanza, ba be bi bo bu, na utasikia "i-li-si pa-ru-le-nti". Huo si uzembe. Ametii kanuni iliyomfundisha kusoma: kila herufi ina sauti yake, kila irabu ina silabi yake. Katika Kiswahili kanuni hiyo haijamwangusha hata siku moja. Katika Kifaransa maneno hayo mawili yana silabi mbili tu, il-parl. Ile s ya ils na ile ent ya mwisho zimeandikwa, lakini hazitamkwi.

Nimefundisha Kifaransa madarasa ya jioni Arusha, wanafunzi wangu wengi wakiwa waongoza watalii na vijana wa sekondari, na ubishi huu hurudi kila muhula. Mmoja anakuja na kitabu kinachosema parlent ina silabi mbili, par-lent. Mwenzake amesikiliza rekodi kwenye simu na anaapa ni silabi moja. Wote wawili wako sahihi. Kitenzi cha Kifaransa hukatwa kwa njia zaidi ya moja, kila njia ina kazi yake, na anayeshika njia isiyo ya kazi yake hupoteza miezi. Nitaziweka hapa bega kwa bega, nikitumia vitenzi vilevile, ili uone ipi inakufaa wewe.

Kwa jicho

Hii ndiyo njia ya shule za msingi za Ufaransa. Mtoto huchora vipinde kwa penseli chini ya neno, kila kipinde silabi moja. Wachapaji nao huitumia kukata neno linapofika ukingoni mwa mstari. Kanuni zake ni chache. Konsonanti moja ikikaa kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: fi-nir, a-ni-mer. Zikiwa mbili hugawana, moja huku na moja kule: par-ler, res-ter, na hata zikiwa pacha: ar-ri-ver, ap-pe-ler. Ila l au r ikifuata konsonanti kama b, p, c, g au f (na kwa r, hata t, d na v) hazitengani: dou-bler, ren-trer, ou-vrir. Na ch, ph na gn huhesabiwa kama konsonanti moja: mar-cher, ga-gner.

Mswahili huipenda njia hii mara moja kwa kuwa inafanana na nyumbani. Hapo ndipo mtego ulipo. Sisi tumezoea silabi inayofungukia irabu, kiasi kwamba hata maneno ya Kiingereza tuliyoyakopa tuliyapenyezea irabu katikati: kilabu, burashi. Tukipewa par-le iliyokatwa kwa kistari, ulimi unaona ruhusa ya kusema "pa-ru-le", na vipinde vya penseli vinathibitisha kosa badala ya kulirekebisha.

Lakini sikubaliani na walimu wa matamshi wanaoitupa njia hii pembeni. Ina zawadi moja kubwa, nayo ni kukuambia lini e inabeba alama kichwani na lini haibebi. Tazama espérer, kutumaini. Ikate kwa jicho: es-pé-rer. Ina e tatu. Ya kwanza imefungwa na s, kwa hiyo haihitaji alama. Ya pili iko wazi mwishoni mwa silabi yake, kwa hiyo inapewa alama ili isomwe kamili. Ya tatu imefungwa na r, tena haina alama. Sasa chukua demander: de-man-der. Ile e ya kwanza iko wazi na haina alama, maana yake ni e dhaifu, ile ambayo Wafaransa huiita e bubu, inayotamkwa kwa mdomo uliolegea au kumezwa kabisa. Ndiyo sababu parlé ina alama ilhali parler na parlez hazina, ingawa zote tatu zinasikika sawasawa: katika mbili za mwisho r na z zimefunga mlango, hazina haja ya alama. Na ndiyo sababu hutaona alama kwenye e ya kwanza ya exister au examiner, kwa sababu x hubeba konsonanti mbili ndani yake, g na z, na ile g huifunga e. Ukishaishika kanuni hii, hubabaiki tena na alama ulizokuwa ukizikariri neno kwa neno.

Inafafanua pia jambo linalowatesa wanafunzi wote, vitenzi vinavyobadilika katikati. Acheter, kununua, hukatwa a-che-ter. Ukisema "nanunua", silabi ya mwisho inakuwa bubu, na Kifaransa hakitaki e mbili dhaifu zifuatane mwishoni mwa neno. Kwa hiyo e iliyobaki nyuma inapewa sauti: j'achète, a-chè-te. Appeler, kuita, hufika palepale kwa mlango mwingine. Badala ya kuweka alama, hurudufu l ili e ifungwe: j'appelle, ap-pel-le. Kazi ni moja, zana ni mbili. Marekebisho ya tahajia yaliyotangazwa katika gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu vitenzi karibu vyote vya jamii hii vifuate acheter, kama étiqueter inayoandikwa sasa j'étiquète, lakini appeler na jeter pamoja na wana wao vikaachwa na konsonanti pacha kwa kuwa watu walikwisha kuvizoea.

Kwa hiyo jicho ni njia ya kuandika. Kuitumia kusemea ni kama kusoma risiti ukidhani ni barua.

Kwa sikio

Hapa unafumba kitabu, unasikiliza, na unapiga kofi moja kwa kila irabu inayosikika. Jedwali hili dogo nimelichora ubaoni mara nyingi kuliko jingine lolote.

| Tunaandika | Kwa jicho | Kwa sikio | Alama za kamusi |
|---|---|---|---|
| je parle | par-le (2) | parl (1) | [paʁl] |
| tu parles | par-les (2) | parl (1) | [paʁl] |
| il parle | par-le (2) | parl (1) | [paʁl] |
| nous parlons | par-lons (2) | par-lon (2) | [paʁ.lɔ̃] |
| vous parlez | par-lez (2) | par-lé (2) | [paʁ.le] |
| ils parlent | par-lent (2) | parl (1) | [paʁl] |

Jicho linaona silabi mbili kila mahali, na miisho mitano tofauti. Sikio linasikia maumbo matatu tu, na nafsi nne kati ya sita zinalingana kabisa. Mwanafunzi anayeanza na jicho anakariri vitu vitano. Anayeanza na sikio anakariri vitatu, kisha baadaye anajifunza kuviandika.

Swali linalofuata darasani huwa lilelile: sasa mtu atajuaje ni nani anasema, kama parl ni moja kwa wote? Jibu lake Mswahili analo mdomoni tangu utotoni. Sisi hatuitafuti nafsi mwishoni mwa kitenzi, tunaitafuta mbele: ni-nasema, u-nasema, a-nasema, wa-nasema. Kifaransa cha kusemwa kinafanya vivyo hivyo. Je, tu, il, nous zimegandamana na kitenzi kama viambishi vyetu, na katika usemi wa kawaida hazisimami peke yake. Ukiwaza je kama ni- na tu kama u-, utaacha kupumzika baada yake na utaacha kuipigia kelele. Hii ni nafasi ambayo Kiswahili kinatupa mbele ya wanafunzi wengi wengine, na inaniuma kuona vitabu vinavyotumika kwetu havisemi lolote juu yake.

Kwa sababu hiyo usipige kofi kwa kitenzi kikiwa uchi. Anza na nafsi yake, kwa kuwa silabi za Kifaransa huvuka mipaka ya maneno. Vous avez ni vu-za-vé, makofi matatu, na ile z imetoka kwenye s ya vous iliyokuwa imelala. Elle arrive à Arusha inasikika e-la-ri-va-a-ru-sha: l ya elle imehamia kwa arrive, v ya arrive imehamia kwa à. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba Kifaransa nacho kinapenda silabi inayofungukia irabu, kama sisi. Kinachokitofautisha ni kwamba kinazifungua kwa kuazima konsonanti ya neno la jirani, bila kuongeza irabu mpya.

Uhamaji huu una maana yake. Il aime na ils aiment hutofautiana kwa z moja tu: i-lem, il-zem. Ils sont ni "wao ni" na ils ont ni "wao wana", s dhidi ya z, na mtu anayezichanganya hawezi kueleweka.

Halafu kuna vitenzi ambavyo si vya kundi la -er, na hapa ndipo sikio linapolipa kuliko njia nyingine yoyote. Mwanafunzi mmoja, dereva wa watalii, alinieleza alivyokuwa Serengeti na wageni wake. Simba jike wawili walikuwa wamelala chini ya mgunga, mmoja peupe, mwingine amejificha nyuma ya shina. Akasema, "elle dort", akikusudia wote wawili. Wageni wakapiga picha simba mmoja, wakamwambia waondoke. Alikuwa anajua kuandika elles dorment bila kosa. Alichokuwa hajui ni kwamba kwenye midomo tofauti yote ya mmoja na wengi imekaa kwenye m: el-dor, el-dorm. Silabi ni mbili huku na mbili kule. Elle na elles zinasikika sawa. Midomo inafunga au haifungi, basi.

Ukishaliona hilo unaliona kila mahali. Il finit, ils finissent: fi-ni, fi-nis. Il boit, ils boivent: bwa, bwav. Il vend, ils vendent: d inaamka. Il écrit, ils écrivent: v inaamka. Wingi hauongezi silabi, unafunga silabi iliyokuwa wazi. Ulimi wa Mswahili hapo unasita, kwa sababu kufunga silabi si desturi yetu, na wengi huponyoka kwa kuongeza irabu: "bwavu", "finisi". Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kushikilia konsonanti ya mwisho bila kuifungulia: sema dorm, kaa na midomo imefungwa, hesabu mbili kimya, ndipo upumue. Kwa v na s ni rahisi zaidi, endelea kuzivuma mpaka pumzi iishe. Baadhi ya vitenzi hata hivyo havina siri hii. Il court na ils courent havina tofauti yoyote masikioni, kama ilivyo kwa vyote vya -er vinavyoanza na konsonanti.

Wakati ujao una hesabu yake. Nous monterons, tutapanda, kwa jicho ni mon-te-rons, silabi tatu. Kwa sikio, ile e ya katikati inamezwa na kubaki mbili, mon-tron, na hapo inafanana kabisa na nous montrons, tunaonyesha. Msemaji anayetaka kuepuka utata huirudisha e. Lakini nous parlerons haimezi: par-le-ron, tatu kamili, kwa kuwa ukiitoa ile e utabaki na r, l na r zikisukumana. Mwanaisimu Maurice Grammont ndiye aliyeipa tabia hii jina lililobaki, kanuni ya konsonanti tatu: e bubu hubaki pale ambapo kuondoka kwake kungerundika konsonanti tatu. Haikamatiki kila mara, na watu wa kusini mwa Ufaransa hutamka e nyingi ambazo Paris huzimeza, lakini kwa anayeanza inatosha. Kitenzi kikiwa na e dhaifu katikati, jaribu kuimeza. Ulimi ukikwama, irudishe.

Mkazo nao ubadilishe mahali. Kiswahili huukaza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtu akisema PAR-ler kwa mkazo wa kwetu, Mfaransa anasikia neno lililovunjika. Huko mkazo huangukia silabi ya mwisho ya kundi zima la maneno: nous par-LONS, na ukiongeza neno unahama nalo, nous parlons fran-ÇAIS.

Sikio lina udhaifu mmoja mkubwa, usiufiche. Parler, parlé, parlée, parlez ni sauti moja. Parle, parles, parlent ni sauti moja. Aliyejifunza kwa sikio peke yake akipewa imla ataandika kwa kubahatisha, na atapoteza alama kwa maneno anayoyatamka vizuri kuliko mwalimu wake. Kosa lingine linalotoka kwa wasemaji wazuri ni je parlé kwa maana ya "nasema". Je parle ina kofi moja baada ya nafsi. Ukisikia mawili, ama ni j'ai parlé, nimesema, ama ni je parlais, nilikuwa nikisema.

Pembezoni mwa daftari

Kuna njia nyingine ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha lakini kila daftari linayo: kuandika matamshi kwa herufi za Kiswahili. "Vu zave", "zhe bwa", "nu marsho". Siikatazi. Ou ni u yetu, oi ni wa, ch ni sh, gn ni ny, é ni e, na r ya Kifaransa iko jirani na gh ya ghali na ghafla, ila inatoka nyuma zaidi kooni. Watu wa pwani wanaotamka gh bila kuigeuza g wanaianza r hiyo wakiwa nusu ya safari.

Inapovunjika ni kwenye irabu. Kiswahili kina tano. Kifaransa, kwa hesabu ya vitabu vingi, kina 12 za mdomo na 4 zinazopitia puani. Il vend, anauza, na ils vont, wanakwenda, zote huishia kuandikwa "il vo" au, vibaya zaidi, "il vong'". Ile ng' ni ya kwetu, na Kifaransa hakina konsonanti yoyote pale mwisho. Pua na mdomo hufunguka pamoja, na ulimi haugusi kitu. Tu ya Kifaransa nayo haiandikiki kwa u: andaa midomo ya kusema u, kisha ndani useme i. Kwa wiki mbili za mwanzo andika pembezoni upendavyo. Baada ya hapo daftari hilo litaanza kukufundisha makosa yako mwenyewe.

Kwa alama za kamusi

Chama cha Kimataifa cha Fonetiki kilianzishwa Paris mwaka 1886 na walimu wa lugha wakiongozwa na Paul Passy. Walichotaka ni kile ambacho Kiswahili kinakipata bila jasho: alama moja, sauti moja. Kwa hiyo Mswahili akifungua kamusi na kuona [paʁle] au [finiʁ] asiogope, anarudi kwenye mantiki aliyokulia. Hata a, i na u zina thamani ileile. [e] ni é na [ɛ] ni è, na e yetu huangukia karibu zaidi na hiyo ya pili.

Huhitaji chati nzima. Kwa vitenzi alama kumi zinakutosha: ʁ, ʒ (j ya je ya Kifaransa), ɛ, ɔ, y (ile u ya midomo ya u na ulimi wa i), ø na œ (za peux na peuvent), ə (e dhaifu), na irabu za puani ɑ̃ na ɔ̃, yaani vend na vont. Ukitaka ya kumi na moja ongeza ɛ̃ ya vient. Jihadhari na [j], ambayo humo ni y yetu ya yai. Nukta kati ya herufi ni mpaka wa silabi, lakini kamusi nyingi haziiweki, zinakuachia uhesabu irabu mwenyewe.

Ubora wake ni uhakika. Unapobishana na mwenzako kama e ya acheter inatamkwa, kamusi inasema [aʃte], silabi mbili, na ubishi umeisha. Udhaifu wake ni kwamba kamusi inatoa kitenzi kikiwa hakijanyambuliwa na kikiwa peke yake. Haikuonyeshi z ya ils aiment, haikuonyeshi m ya dorment. Pia ni njia ya kimya. Nimewahi kuwa na kijana aliyeweza kuandika alama za kitenzi chochote utakachomtajia, na akifungua mdomo anasema "do-re-me-nti".

Na wimbo?

Kuimba hukata kivyake. Katika wimbo wa watoto wa Au clair de la lune kuna maneno prête-moi ta plume, niazime kalamu yako. Ukiyasema, ni makofi manne: pret-mwa-ta-plum. Ukiyaimba ni noti sita, prê-te-moi-ta-plu-me, kwa sababu uimbaji na ushairi wa kale wa Kifaransa huziamsha e bubu. Nyimbo ni nzuri kwa kukumbuka maneno na kwa kuzoea irabu. Usijifunzie humo idadi ya silabi, utatoka ukiongea kama mtu anayeimba.

Uchague ipi

Mwongoza watalii, mhudumu wa hoteli, muuguzi anayekwenda kufanya kazi Ufaransa, yeyote ambaye kazi yake ni kueleweka leo: sikio kwanza, na sikio peke yake kwa miezi mitatu. Chukua vitenzi ishirini vya kazi yako na ujifunze kila kimoja kwa jozi ya mmoja na wengi, el-dor na el-dorm, i-bwa na i-bwav (watu wengi huidondosha l ya il wakiongea haraka, nawe usishangae). Usiandike kitu.

Anayejiandaa kwa mtihani wa DELF, ule wa cheti cha Kifaransa kwa wageni, hana anasa hiyo. Mtihani una alama 100 zilizogawanywa sawa kati ya kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, 25 kila moja, na hakuna anayekuomba ukate silabi. Lakini kuandika ni robo nzima. Kwake yeye naona sikio asubuhi na jicho jioni: sema kitenzi kwanza, kipigie makofi, kisha kiandike na ukichoree vipinde, ukijiuliza kwenye kila e kama iko wazi au imefungwa. Mpangilio huo usiugeuze. Ukianza na vipinde, sauti itakayokaa kichwani ni ile ya vipinde.

Msomaji wa Lubumbashi, Goma au Bukavu yuko upande mwingine kabisa wa mto. Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi yake, amekisikia redioni na ofisini tangu utoto, na anakichovya ndani ya Kiswahili chake bila kufikiri, anasema "tuta-commencer" na é ya mwisho imekaa mahali pake sawasawa. Sikio lake halina tatizo. Kinachomkwamisha ni commencer, commencé na commencez kwenye karatasi, na kwake jicho ndilo la kununua. Aanze na kanuni ya e iliyofungwa na e iliyo wazi, aikamilishe kabla ya kugusa kingine.

Alama za kamusi ningezipendekeza kama njia kuu kwa watu wa aina mbili tu. Wa kwanza ni anayejisomea peke yake bila mwalimu wala intaneti ya kutegemewa, kwa kuwa hana wa kumsahihisha. Wa pili ni anayetaka kuja kufundisha. Wengine wote wazitumie kama mizani ya dukani, unaitoa pale tu mnapobishana uzito.

Mtoto mdogo usimpe yoyote kati ya hizi. Mpe nyimbo na mazungumzo, vipinde atavikuta shuleni.

Na kwa yeyote atakayechanganya jicho na sikio, kuna zoezi moja la penseli ninalolipa darasa kila Ijumaa. Chukua aya ya Kifaransa, pitia kila kitenzi, na ukate kwa mstari mwembamba herufi zisizotamkwa, bila kuzifuta, ili jicho liendelee kuziona. Konsonanti inapohamia neno la jirani, chora kipinde chini kuunganisha. Kazi ngumu ni ent. Katika ils président, wanaongoza kikao, unaikata: pré-zid, silabi mbili. Katika le président, mwenyekiti mwenyewe, unaiacha, kwa kuwa si kitenzi: pré-zi-dan, tatu. Katika il convient, inafaa, unaikata t peke yake na kuacha irabu ya puani. Katika ils convient, wanaalika, unaikata ent yote, herufi zilezile kwa mpangilio uleule. Usiweke penseli chini mpaka ujue nani ndiye mtenda.